Fungate Yetu Katika Nyumba ya Zamani

...kwa hiyo, kama nilivyokuwa nikimwambia mume wangu pale kwenye ngazi kabla kipaza sauti hakijaanza kupiga miluzi, mimi siwezi kusema neno baya juu ya nyumba hii hata nikilazimishwa, kwa sababu ndimo nilimoanzia fungate yangu. Na kama niliianza peke yangu kitandani, hilo si kosa la nyumba, ni kosa la kanuni.

Mheshimiwa Meya wa Yelenovo, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Wapenda Zamani, Mzee Metodi, ambaye tangu mwezi uliopita ni baba mkwe wangu, waheshimiwa wastaafu wa kiwanda cha vioo, mliokuwa mkipanda mlima huu kila kiangazi kuja kupumzika, Mama Mdogo Gergana, uliyetoka Sofia na kofia ya manyoya ingawa theluji bado haijaanguka, wanakwaya, ndugu wageni waalikwa, na wewe Boyan, mume wangu. Niruhusuni nilirudie neno hilo, mume wangu, maana bado nikilitamka naona kama nimeazima kitu cha mtu na mwenyewe hajaja kukidai. Nawasalimu nyote.

Nimepewa nafasi hii ya kusema kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi na Boyan ndio wageni wa kwanza kulala katika Nyumba ya Mapumziko Zora tangu chama kilipoirudisha ilivyokuwa zamani. Ya pili mnaijua, maana Mzee Metodi haweki siri: ametuomba tuache chumba chetu Plovdiv, mimi niache duka la viatu, Boyan aache karakana, tuhamie hapa kabla ya majira ya baridi tuwe waangalizi wa nyumba hii pamoja naye. Akasema, "Jibu mtalitoa siku ya ufunguzi, mbele za watu, ili msije mkageuka." Jibu ninalo, Baba. Lakini mtu mwenye adabu hajibu kabla hajashukuru, na hapa pa kushukuru ni pengi.

Naanza na kijiko. Enzi za kiwanda, wageni walikuwa wakiondoka na vijiko mifukoni, uongozi ukaamua kuvitoboa ili visimfae mtu huko kwake. Hilo kila mwanachama analikumbuka. Wasichokubaliana ni tundu lilikuwa wapi. Kamati ya Vyombo ilikaa jioni nzima. Nusu walikumbuka tundu kwenye mpini, nusu walikumbuka tundu katikati, pale pale inapokaa supu. Mzee mmoja akagonga meza: "Nimekula hapa ujana wangu wote, najua nilichokuwa nakula!" Mwenzake akamjibu, "Ungekijua, usingerudi mwaka uliofuata!" Mwishowe wakapiga kura, na tundu la katikati likashinda. Ndugu zangu, ni watu gani wengine duniani wanaoyachagua yaliyopita kwa kura, tena bila vurugu? Nilikunywa supu ya kabichi kwa kijiko hicho. Nilijifunza kuinama. Nilijifunza kuharakisha. Na mume wangu, aliyeketishwa meza ya wanaume ng'ambo ya ukumbi, aliniona nimeinamia bakuli namna ile, akaniambia baadaye kwamba hajawahi kuona mwanamke anayeshukuru chakula kwa unyenyekevu kama mimi. Nani mwingine angenipa sifa hiyo? Asante, Kamati ya Vyombo.

Niwashukuru pia Kamati ya Kuta. Mliikumbuka rangi ya kijani laini, kama majani machanga, inayoshuka kutoka pembe za dari. Mliitafuta Plovdiv, mkaikosa. Mliitafuta Smolyan, mkaikosa. Mkaichanganya wenyewe ndani ya ndoo mpaka ikatokea, na baadhi yenu mkafuta machozi. Kisha Mama Mdogo Gergana akaja kutuona. Akasimama mlangoni, akatazama juu, akasema, "Jamani. Ule ulikuwa ukungu."

"Ilikuwa rangi," Mzee Metodi akasema.

"Metodi, ilikuwa na vinyweleo."

"Wewe ulikaa hapa kiangazi kimoja tu, tena ukilia."

"Nililia kwa sababu ilinyesha siku zote!"

Sasa nani tumwamini? Mama Mdogo ni daktari wa meno mstaafu, na anayakumbuka mambo kama alivyokuwa akiyatazama meno: anatafuta palipooza. Lakini picha yake ya kiangazi hicho iko kwenye ukuta wa ukumbi, mtaiona mkiingia. Ni msichana aliyekunja uso kwa jua kali, na pua inambambuka. Mvua yake aliileta mwenyewe, baadaye. Hivyo nikajua kwamba kumbukumbu chungu nayo haiapishwi mahakamani.

Na Mheshimiwa Meya, maneno yako ya hivi punde yalinigusa sana. Ulituambia kwamba zamani hapakuwa na mtu aliyefunga mlango hapa. Watu walipiga makofi, nami nikapiga. Ila nyuma yangu nilimsikia mstaafu mmoja akimnong'oneza mkewe, "Tungefungaje, na vitasa tulibeba sisi?" Mkewe akamfinya. "Nyamaza! Kimoja bado kiko kwenye banda la kuku." Sitawataja. Nasema tu kwamba kitasa hicho kimetunzwa vizuri kuliko vitu vingi vya enzi ile.

Sasa niwasimulie fungate.

Tulifika siku ya pili ya ndoa, punje za ngano za harusi bado zikinidondoka nywelini. Mzee Metodi alitupokea juu ya ngazi hizi hizi kwa mkate na chumvi, kama inavyopasa. Nikamega, nikachovya, nikalia kwa furaha. Kisha akatoa funguo mbili.

"Boyan, upande wa kushoto. Kalina, mwanangu, upande wa kulia."

"Baba," Boyan akasema, "tumeoana jana."

"Hongereni. Kushoto."

"Baba, hii ni fungate!"

"Na hii ni Zora. Wanaume kushoto, wanawake kulia. Watu walikuja hapa na wake zao wakalala hivyo hivyo, na Yelenovo haikuwahi kupungukiwa watoto."

"Basi wake kwa waume walikuwa wanaonana wapi?"

"Kwenye foleni ya maji ya moto," Mzee Metodi akasema, na sauti yake ikashuka. "Foleni ndiyo iliyonipa mama yako."

Ndugu wageni, mlioolewa na mliooa, mtu akishataja marehemu mama mkwe wako kwa sauti ile, utabisha nini? Tuliachana pale koridoni kama abiria wa treni mbili. Kati ya upande wa kulia na wa kushoto kuna mlango. Chama kiliukuta wazi, kikaupigilia mbao na misumari, kwa kuwa wajumbe waliukumbuka umepigiliwa. Nilipita pale mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Mume wangu alikuwa upande wa pili akigonga kwa kidole, nami nagonga, na sijawahi kumpenda mtu kwa kiasi kile kupitia ubao.

Kulipokucha, kipaza sauti cha koridoni kilituamsha: mikono juu, mikono chini, magoti! Wanawake mstari wa mbele, wanaume mstari wa nyuma. Boyan anasema ndipo alipokipenda kisogo changu, ambacho katika uchumba wetu wote hakuwahi kupata nafasi ya kukitazama kwa utulivu. Maji ya moto yalikuwa kwa zamu: siku ya wanaume, siku ya wanawake, siku ya matengenezo. Sisi fungate yetu iliangukia siku ya matengenezo, na matengenezo yalivuka siku yake. Foleni hata hivyo ilikuwepo, maana kanuni inasema iwepo. Tulisimama, watu wawili na taulo zao, tukisubiri maji yasiyokuja, na baba mkwe wangu akipita mara kwa mara kuona kama tunafurahi.

Mnacheka. Mcheke tu, lakini nisikilizeni: nilikuwa na furaha! Na kinachoniogopesha ni hiki. Juzi dukani mwenzangu aliniuliza, "Hebu tuambie, fungate ilikuwaje?" Nikaufungua mdomo wangu, nikausikia ukisema, "Ilikuwa nzuri, shoga yangu, milima, hewa, na maji ya moto." Maji ya moto! Yalikuwa yanauma kama kufuli la chuma lililoganda kwa baridi ya Januari. Nani aliyapasha? Hata mwezi haujapita, na tayari kuna mtu ndani ya kichwa changu amewasha jiko bila kuniuliza.

Na si mimi peke yangu. Mume wangu alinipata dukani. Aliingia kutafuta viatu, nikapiga goti kumpima, akasahau saizi yake mwenyewe. Kila jozi niliyoleta akasema haimtoshi, ili nirudi tena stoo na kutoka tena, mpaka bosi akaanza kututazama, na kwa hofu akanunua jozi iliyokuwa karibu. Ilimbana vibaya. Aliivaa kila tulipotoka kutembea, akichechemea kandokando ya mto kama mtu mwenye mawazo mazito, na mimi ndiye niliyembandika plasta kwenye kisigino. Ni miaka miwili tu iliyopita. Leo muulizeni. Muulizeni! Atawaambia ni viatu vizuri kuliko vyote alivyowahi kuvaa, havikumbana hata siku moja. Anavyo miguuni sasa hivi. Boyan, usivifiche chini ya kiti.

Basi waheshimiwa, kama mapenzi yanaweza kupanua kiatu kwa miaka miwili, yatashindwa vipi kuipasha moto nyumba nzima kwa miaka arobaini?

Ndiyo maana sikucheka tulipokaa kula chakula cha mwisho cha fungate, sisi wanne: Mzee Metodi, Mama Mdogo Gergana, mume wangu na mimi. Kwa heshima ya kuagana tuliruhusiwa kukaa meza moja. Mzee Metodi akatusimulia tena jinsi alivyompata mama mkwe wangu, Nevena, Mungu ampumzishe. Ilikuwa mwezi wa saba, alisema. Foleni ndefu. Nevena alikuwa mbele yake, akageuka, akatabasamu, akampa zamu yake ya maji ya moto, hivi hivi, bila kumjua. Kisha akatoka nje, akaufungua uzi wa martenitsa mkononi mwake, mwekundu na mweupe, akaufunga kwenye mti wa plamu ulio mbele ya mlango huu. "Nikajua," Mzee Metodi akasema, "kwamba furaha yangu iko katika nyumba hii."

Mama Mdogo akaweka kijiko chini. "Metodi. Martenitsa mwezi wa saba?"

Nyote hapa mnajua, na mtoto wa chekechea anajua: uzi ule huvaliwa Machi mosi, na mtu huufunga kwenye mti wa kwanza atakaouona umechanua. Mtu akionekana nao Julai ataulizwa kama ana homa.

"Alichelewa kuutoa," Mzee Metodi akasema.

"Dada yangu? Aliyekuwa anafua mapazia kila Jumamosi? Achelewe miezi minne?"

"Niliuona kwa macho yangu, Gergana!"

"Uliuona, ndiyo. Ila si siku hiyo." Akasogeza bakuli. "Julai ulimpita kwenye foleni. Wewe ndiye uliyeichukua zamu yake! Alikuita jizi mbele ya kiwanda kizima. Alioga maji baridi, akafunga sanduku, akateremka mlima siku zake hazijaisha, na njia nzima alikuwa anakutukana. Nilimbebea sanduku, matusi yote niliyasikia mimi."

"Mimi? Nimpite mwanamke kwenye foleni?"

"Ulikuwa na sabuni machoni, ukasema unaona giza. Haya, Machi. Nyumba imefungwa, mabomba yamepasuka kwa barafu, kiwanda kimekutuma wewe uje uyazibe, peke yako. Nevena akasikia kwamba yule jizi anaumwa kifua huko juu na hakuna wa kumpikia. Basi liliishia bondeni. Akapanda kwa miguu, theluji inayeyuka, tope mpaka hapa, na chupa ya supu ya maharagwe ameifunga kwenye skafu. Plamu ilikuwa imechanua mapema, kwa upumbavu wake. Akafunga uzi. Akaingia, akakulisha. Na alipotazama hizi kuta zako za kijani, akakwambia nini? Sema wewe."

Mama Mdogo akasema kwa niaba yake: "'Metodi, nitakwenda nawe popote utakapo. Lakini nyumba hii sirudi tena.' Na alirudi?"

"Hakurudi," baba mkwe wangu akasema. "Tulikuwa tunakwenda baharini. Kila mwaka nilimwomba, kila mwaka akasema baharini."

Nilidhani amevunjika. Nilimtazama Boyan anifanyie ishara tunyamaze wote. Lakini Mzee Metodi aliinua kijiko, supu ikimchuruzikia mkononi kupitia lile tundu la kura, kisha akasema taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha mbali: "Viatu vyake vilikuwa vya kahawia. Aliviacha mlangoni asichafue sakafu. Sakafu ya nyumba mbovu, iliyofungwa, na yeye akavua viatu." Miaka arobaini, Baba, na hukuwahi kuvisimulia viatu hivyo! Ulikuwa umeshikwa na tabasamu la kwenye foleni, ambalo halikuwepo.

Ndugu wageni waalikwa, nimemaliza sekondari tu, wasomi mtanisahihisha. Lakini niulize: kati ya msichana anayempa mtu zamu ya maji kwa tabasamu, na msichana aliyeitoa hasira yake moyoni na kumpandia mlima aliyemwibia zamu, amepakata supu, yupi amependa zaidi? Kumbukumbu tamu ilimtunzia baba mkwe wangu yule mwepesi, ikamficha yule mkubwa. Ilitaka kumfanyia wema. Mimi siichukii; hata yangu imeniwashia maji, na nikizeeka huenda nitaapa kwamba yalikuwa yanatoa mvuke. Ila sitaipa funguo za nyumba.

Basi hili ndilo jibu, Baba, mbele za watu kama ulivyotaka. Hapana. Hatutahamia. Boyan alitaka kulisema mwenyewe, lakini yeye ni mwanao, akikutazama angesema ndiyo, kisha angekaa hapa miaka yote akikumbuka kwamba alitaka. Mimi ni mgeni katika familia, nina ujasiri wa wageni.

Naam? Mzee Metodi anauliza nani basi atakaa naye hapa majira ya baridi.

Hakuna, Baba. Wewe pia usikae. Niruhusu niseme kama binti, maana ulinipokea kwa mkate na chumvi: umeipaka nyumba rangi, umetoboa vijiko, umerudisha foleni, ili Mama Nevena akija aikute kama alivyoiacha. Lakini unamsubiri kwenye mlango wa nyumba aliyoapa hatarudi. Kama yuko mahali, hayuko hapa. Huenda yuko baharini, amechoka kukungoja.

Mama Mdogo, usilie, utasema ilinyesha.

Wanachama, nyumba yenu ni nzuri. Ifungueni kila kiangazi, mje na wajukuu, piganeni mnavyotaka juu ya tundu la kijiko; mtu anahitaji mahali pa kubishania ujana wake. Ila theluji ikianza, fungeni, mteremke. Wenye vitasa warudishe.

Kwa kunivumilia mpaka hapa, na kwa kucheka mahali pa kucheka, nawashukuru kwa moyo ambao bado ni wa bibi harusi. Nawe Baba, sisi hatusemi kwaheri. Kabla Oktoba haijaisha, mimi na Boyan tutakuja kukutembelea, tulale chumba kimoja, hata kama itabidi yeye aje na nyundo. Na asubuhi yake tutateremka sote watatu Plovdiv na gari la karakana, ambalo kiti chake cha nyuma nimeshakiondolea vyuma chakavu vya Boyan, nikakifuta, nikakitandikia blanketi.